Firigisi ya Kaka Maganga

Tangu nirudi Morogoro, kila mmoja wenu amenidodosa kwa namna yake. Mwenzangu wa idara ameuliza kama onyesho lilifana. Jirani yangu ameuliza kwa nini nilirudi kwa basi ilhali niliondoka kwa gari la kaka yangu. Mama mchungaji, kwa upole wake, ameuliza kama nimeshamsamehe mtu ambaye mimi sijamtaja. Nimeona ni heri niandike mara moja, niwape nyote msome, nami nipumzike kusimulia. Kama onyesho lilifana, sijui. Nilivuka nusu ya nchi kwenda kusikiliza wimbo mmoja, na wimbo huo ulipoanza mimi nilikuwa nimekaa juu ya mkeka, nikisubiri kula.

Morogoro hadi Dodoma, pamoja na mayai sita

Lazima nianze na wimbo wenyewe. Baba yetu, Mzee Kasanda, alijifunza tarumbeta kanisani Tabora, katika matarumbeta ya Wamoraviani, kisha akaihamishia kwenye muziki wa dansi, jambo ambalo dada yake hakulikubali mpaka baba anaingia kaburini. Alipiga na bendi ya mjini kwa miaka kadhaa, na katika miaka hiyo alitunga wimbo mmoja tu. Mimi nilipokuwa na umri wa miaka miwili kazi ilimhamishia Morogoro, tarumbeta ikarudi kupiga tenzi, na wimbo ule haukurekodiwa popote. Mama akiulizwa alikuwa anacheka na kusema, "Ule aliniimbia mimi, si ninyi," akaenda nao kaburini. Kaka yangu Maganga, aliyenitangulia kwa miaka tisa, aliusikia mara nyingi akiwa mtoto. Ukimwuliza maneno yake, anatazama juu, anafikiri, anasema, "Ulikuwa na kitu cha sahani."

Kitu cha sahani. Huo ndio urithi wangu wa muziki kutoka kwa baba yangu.

Basi, mwezi mmoja kabla ya safari hii, nilipigiwa simu na Mzee Hamisi, aliyekuwa mwimbaji wa bendi ile. Sikujua hata kama yu hai. Aliniambia anaishi Ipole, kusini ya Tabora, anafuga nyuki, na kwamba, mbali na yeye, wazee wa bendi waliobaki ni watatu.

"Tumekubaliana kupiga Jumamosi moja, pale ukumbini Ng'ambo, tuagane," alisema. "Koo langu limebakiza wimbo mmoja, labda miwili. Nitafungulia na wa baba yako, saa mbili kamili. Ukichelewa usinilaumu, mwanangu."

Nilimwambia sitachelewa. Mimi ni mwalimu wa chuo. Ratiba ndiyo kazi yangu. Niliketi nikapanga: Ijumaa tulale Dodoma, Jumamosi tuondoke saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana tuwe Tabora kwa Shangazi Nyamizi, yule dada wa baba. Saa kumi na moja jioni tule, tuoge, tubadilishe nguo, saa moja na nusu tuwe tumekaa ukumbini. Nilimpigia Shangazi nikamweleza. Akasema, "Sawa, mwanangu." Nilimweleza na Kaka Maganga, ambaye ndiye mwenye gari. Akasema, "Wewe dada'angu ungekuwa mkuu wa stesheni."

Kwa ajili ya njiani nilichemsha mayai sita na kupika chapati nane. Kaka alikula mayai manne kabla hatujafika Gairo. Alisema amenibakizia mawili, na moja kati ya hayo mawili alikuwa ameshalimenya.

Dodoma tulilala kwa rafiki yake. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimekaa ndani ya gari na mkoba wangu mapajani. Kaka alitoka saa tatu. Alikuwa anakunywa chai na mwenyeji wake, na chai ya mtu, alinieleza, haiachwi katikati.

Manyoni, ambako tulidaiwa maji ya babu

Barabara ile ya lami inafuata, kwa sehemu kubwa, njia waliyopita wapagazi wa misafara ya pembe za ndovu kati ya Tabora na pwani. Huwa nawafundisha wanafunzi wangu habari zake. Nawaambia kwamba utani kati ya Wanyamwezi na makabila ya njiani ulizaliwa humo, katika kuombana maji na kudaiana hongo, yaani ushuru wa kupita, na kwamba ni hazina kubwa ya ujirani. Sitabadilisha somo langu. Ila sasa nitaongeza kwamba ni hazina inayokula saa mbili nzima.

Tulisimama Manyoni kwenye mgahawa mmoja kwa kuwa Kaka alisema ana njaa. Mwenye mgahawa alikuwa mama mmoja Mgogo, mnene, mwenye kanga kiunoni na sauti ya kuita treni.

"Chakula gani kipo, mama?" Kaka aliuliza.

"Vyote vipo, kaka."

"Wali?"

"Wali umeisha."

"Ndizi?"

"Ndizi leo hazikuja."

"Sasa hivyo vyote ni vipi?"

"Ugali upo, mlenda upo, na kuku wapo."

"Kuku wako wapi?"

Alituonyesha kwa kidevu. Walikuwa uani, wanatembea.

Nilisema tule ugali na mlenda. Kaka akasema yeye hajatoka Morogoro kuja kula mlenda, akamchagua jogoo, na jogoo akaanza kukimbizwa. Ndipo yule mama alipotuuliza sisi ni kabila gani. Kaka, ambaye alikuwa akilingoja swali hilo tangu tuketi, alijibu kwa kujivuna kwamba sisi ni Wanyamwezi. Mama aliweka chini mwiko wake.

"Kumbe ni watani zangu. Babu zenu walipita hapa wamebeba pembe za watu, ndimi nje, wakanywa kisima cha babu yangu mpaka vyura wakahama. Hongo hawakumaliza mpaka leo."

"Kisima kile kilikuwa tope tupu, mtani," Kaka alijibu. "Babu yangu alifika Bagamoyo bado anatema mchanga wa kwenu."

"Basi leo utalipa."

Kuku alipoiva, mama yule alichukua paja moja kutoka kwenye sahani yetu, akavuta kiti, akalila mbele yetu taratibu. Kaka akacheka mpaka akafuta machozi. Wakaendelea: nani alikuwa mtumwa wa nani, nani aliuza bibi yake kwa debe la mtama. Wateja wakasogeza viti kusikiliza. Mimi nilitazama saa yangu.

"Na huyu dada mbona amenuna?" mama aliuliza. "Au ndiye aliyezibeba zile pembe?"

Mgahawa mzima ulicheka. Mimi sikucheka. Leo ninapoandika naona lilikuwa neno la kuchekesha sana, na hilo nalo linaniudhi. Tuliondoka Manyoni saa saba kasoro robo.

Goweko, nilipokosa adabu

Tulipita Itigi, tukaingia katika msitu ule mrefu wa miombo ambao wapagazi waliuogopa na ambao gari huumaliza kwa muda mfupi. Tungefika Tabora saa kumi. Lakini tulipokaribia, Kaka alikata kona, akaiacha lami bila kuniambia, tukawa tunakwenda juu ya vumbi.

"Hii si njia ya Tabora," nilisema.

"Ni njia ya Goweko. Nina rafiki yangu pale, Shija. Tulisoma wote. Nimpe mkono tu."

Mkono ule ulichukua saa moja. Ndugu Shija ni mkulima wa tumbaku, mtu mwema kabisa, na alituzungusha kwenye bani lake la kukaushia jani, akatufafanulia moto wa siku ya kwanza hadi moto wa siku ya mwisho. Tuliporudi barazani tulikuta mke wake ameshabandika sufuria ya maji ya ugali jikoni. Nilijua maana yake. Ugali, mboga, kunawa, kushukuru, kusindikizwa: saa moja nyingine na nusu.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu, na silifichi. Nilisimama nikasema, "Mama, tunashukuru sana, ila tuna haraka. Hatutakula."

Yule mama alitazama sufuria, kisha akanitazama mimi. "Haraka ya nini inayoshinda chakula?"

"Muziki," Kaka alijibu kwa niaba yangu, na wote wawili, yeye na Shija, wakacheka kama watu waliosikia kwamba mtu ameacha mazishi aende kununua pipi. Yule mama hakucheka. Aliingia ndani akatoka na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, akanipa katika mfuko bila kuniangalia usoni. Nilipokea kwa mikono miwili na kupiga goti, nami ni mtu mzima niliyevuka hamsini, na bado nilihisi kwamba goti lile halikulipa kitu.

Ndani ya gari Kaka aliniambia, "Umewaaibisha watu."

Nilimwambia kwamba kama angenyoosha barabara kusingekuwa na wa kuaibishwa.

Tabora, saa moja na nusu

Tulifika kwa Shangazi Nyamizi saa kumi na mbili kasoro. Nyumba yake iko Ng'ambo, mitaa mitatu tu kutoka ukumbini, na nilipoona hivyo nilipumua. Shangazi sasa ana zaidi ya miaka themanini, amekonda, lakini bado anasimama wima kama mlingoti. Tulimwamkia, akaitikia marahaba kwa kila mmoja wetu mara mbili mbili, kisha akatuongoza ndani. Kwenye mguu wa meza alikuwa amefungwa kuku jike mweusi, mzima, akitutazama kwa jicho moja.

"Shangazi, nilikupigia simu kwamba tutakula saa kumi na moja," nilisema.

"Ulipiga. Lakini kuku wa mgeni lazima mgeni amwone akiwa hai, asije akadhani amepewa kiporo. Haya, Maganga, umemwona?"

"Nimemwona, Shangazi. Ni mzuri."

Mimi sikuulizwa kama nimemwona.

Aliitwa jirani Mwislamu aje kumchinja, ili mtu yeyote atakayebisha hodi aweze kula. Alikuja akiwa tayari na kanzu yake, akachinja, akaenda msikitini. Nikafunga kanga, nikachuchumaa jikoni, nikanyonyoa mwenyewe ili mambo yaende mbio. Saa moja Kaka alijitokeza mlangoni, ameoga, ananukia.

"Niende nikashike viti," alisema. "Dakika kumi nimerudi, tule, twende wote." Akaondoka na gari, kwenda mitaa mitatu.

Kwenye saa moja na nusu chakula kilikuwa tayari. Ugali ulikuwa umefunikwa, mchuzi unatoa mvuke, na katika kibakuli kidogo cha bati, peke yake, ilikuwamo firigisi. Mnajua wenyewe habari ya firigisi: ni ya baba wa nyumba, au ya mgeni mwanamume aliye mkubwa. Kwetu nyumbani mama alikuwa anaikata vipande akaitia kwenye mchuzi pamoja na vingine, kwa hiyo mimi nilikua nikidhani mila hiyo imebaki kwenye vitabu. Kumbe ilikuwa inaishi Ng'ambo.

"Shangazi, tupakue," nilisema.

"Maganga yuko wapi?"

"Anakuja."

"Basi akija."

"Tumwekee chake pembeni."

"Firigisi haiwekwi pembeni. Firigisi inamngoja mwenyewe, na kuku anaingoja firigisi."

Nilimpigia Kaka simu. Haikupokewa. Nilipiga tena, na tena, mara saba, na kila mara sauti ile ya mtambo iliniambia kwa heshima kwamba mtu ninayemtafuta hapokei. Ilipokaribia saa mbili kasoro robo nilisimama, nikachukua mtandio wangu.

"Shangazi, naomba niende. Nitakula nikirudi. Ni wimbo wa baba."

Hakupandisha sauti. Alikuwa anatazama makaa. "Maganga kaniambia Goweko umekataa chakula cha watu. Na mimi nikataliwe? Yule kuku alikuwa anataga, Kabula."

Nilikaa.

Nataka mnielewe vizuri hapa. Mlango ulikuwa wazi. Hakuna aliyenishika mkono. Nimewafundisha wasichana kwa zaidi ya miaka ishirini, nikiwaambia wajifunze kusimama na kuondoka mahali wanapodharauliwa. Nilikaa juu ya mkeka ule kwa sababu ya kuku mtagaji na sufuria ya Goweko, na kwa sababu yule bibi ndiye mtu wa mwisho duniani mwenye uso wa baba yangu. Hasira yangu kwa Kaka ni kubwa, lakini ile niliyo nayo kwa magoti yangu mwenyewe haijapungua hata kidogo.

Saa mbili kamili ilipofika, wazee wale, ambao katika safari nzima ndio watu pekee walioheshimu saa, walianza. Tarumbeta ilipanda juu ya mabati ya nyumba, ikafuatiwa na ngoma na gitaa. Kisha ikaja sauti ya Mzee Hamisi. Nilitoka mpaka barazani nikasimama kwenye ngazi. Sauti niliisikia ikipanda na kushuka, nikaisikia inakwaruza mahali fulani na kujishika tena. Neno hata moja halikunifikia. Ni kama kumwona mtu nyuma ya pazia, anakuita, na hujui anakuita jina gani.

"Makelele hayo," Shangazi alisema kutoka jikoni.

"Hayo ni ya kaka yako, Shangazi."

Nilisikia anachochea makaa.

Kaka alirudi saa mbili na nusu. Alinawa mikono, akakaa, akasogezewa kibakuli cha bati. Aliitia firigisi mdomoni nzima.

"Aisee, Kabula, umekosa kitu," alisema akitafuna. "Watu wamelia. Mzee mmoja pembeni yangu kalia waziwazi."

"Uliusikia?"

"Wote, mwanzo mpaka mwisho."

"Unasemaje?"

Alitazama juu. Alitafuna. Firigisi ni ngumu, haimezwi haraka. "Kile kitu cha sahani," alisema.

"Kwa nini hukurudi, Kaka? Ulisema dakika kumi."

"Ningeacha viti vichukuliwe? Nilijua utakuja ukishakula." Alinitazama kwa mshangao wa kweli, na mshangao ule ndio ulionimaliza. "Nani aliwaambia mningoje?"

Sikula. Nilitembea mitaa ile mitatu kwa miguu, nikaingia ukumbini. Vijana walikuwa wamechukua vyombo, wanapiga miziki yao. Viti vyetu viwili vilikuwepo, vimewekewa koti la Kaka. Kiti cha Mzee Hamisi jukwaani kilikuwa kitupu. Mlinzi wa mlangoni aliniambia sauti ilimkatika mwisho wa wimbo wa kwanza, na wanawe wakampakia kwenye gari kumrudisha Ipole.

Ipole, kwa gari la wizi

Asubuhi niliuchukua ufunguo wa gari juu ya meza, wakati Kaka bado anakoroma. Sikuaga, wala sikunywa chai. Nilikwenda kusini, nikapita Sikonge, na njia nzima nilikuwa nikizungumza peke yangu kwa sauti, nikisema yote ambayo sikuyasema juu ya mkeka. Yalikuwa maneno mazuri, yamepangika vizuri, na hapakuwa na wa kuyasikia isipokuwa mizinga ya nyuki iliyoning'inia mitini.

Nyumba ya Mzee Hamisi nilionyeshwa na wa kwanza niliyemwuliza. Mkewe, Bibi Mwajuma, alikuwa uani anachambua mboga ya majani. Nilimwambia mwangaluka, kwa kuwa ndiyo salamu ya asubuhi ya huko, kisha shikamoo, kisha nikamwambia mimi ni nani. Aliinuka akanishika mashavu.

"Mtoto wa tarumbeta. Jana mzee amekutafuta kwa macho ukumbi mzima. Akamwona kaka yako, wewe hakukuona."

Nililia kidogo hapo. Nilikuwa sijalia mpaka wakati huo.

Aliniambia mzee ametembea kwenda kwenye mizinga yake, kwa sababu hawezi kukaa ndani, na kwamba hata akirudi hatanifaa: sauti imekwisha, anaongea kwa mikono. Kisha akaniuliza swali ambalo nilikuwa nikilikimbia tangu Goweko.

"Umekula?"

"Bibi," nilisema, "sitaki kula. Nataka maneno ya wimbo."

"Kwani moja linamzuia mwenziwe?" Aliivuta sufuria, akaiweka kwenye mafiga. "Mimi si mwimbaji. Lakini nimeusikia kila Jumamosi nikiwa kwenye dirisha la ukumbi, na wengine wote waliokuwa madirishani wamekufa. Kaa hapo."

Akaanza kuimba huku anatia unga. Sauti yake ilikuwa nyembamba, haina madoido, na alipoanza kusonga ugali wimbo ulifuata mwiko. Nilitoa simu nikarekodi. Kwenye sauti ile mtasikia sufuria kuliko mtu. Wimbo una beti nne, lakini kiitikio chake ni hiki:

*Pakua, mama, pakua, msiningoje,*
*watoto wale ugali ungali moto.*
*Changu kifunikie sahani, kipoe;*
*aliyechelewa ni mimi, si watoto.*

Nilimwomba arudie. Alirudia. Nilimwomba tena, nikiwa na hakika kwamba kuna neno nimelikosea, kwa maana haikuniingia akilini kwamba wakati mzee yule anamwaga sauti yake ya mwisho kuwaambia watu *msiningoje*, mitaa mitatu kutoka pale, katika nyumba ya dada wa mtunzi, binti wa mtunzi alikuwa amekaa na njaa mbele ya chakula kinachopoa, akimngoja mtoto wa kiume wa mtunzi. Na mtoto huyo alikuwa kwenye kiti cha mbele, anausikia wimbo, anaona watu wanalia. Kisha akaja akala firigisi.

"Baba yako alikuwa anamgombeza mama yako kwa sababu ya hilo," Bibi Mwajuma alisema, akigeuza ugali. "Anarudi alfajiri, anakuta mama na mtoto wamelala njaa, chakula hakijaguswa, ati baba hajala. Ndiyo akatunga."

"Na wewe?"

"Mimi? Mume wangu ananiimbia kila Jumamosi, mbele ya mji mzima, *msiningoje*. Nikasema basi, mke mwema husikia." Alicheka mpaka akashika kiuno. "Sijamngoja tangu siku hizo."

Na kweli hakumngoja. Alipakua. Katika mchuzi, maana alikuwa amebakiza kuku wa jana, ilikuwamo firigisi, na aliikata katikati kwa kisu, nusu akaiweka upande wangu. Chakula cha mzee alikifunika kwa sahani, akakiweka juu ya kinu. Nilikula nusu firigisi yangu ikiwa moto. Mniwie radhi, lakini ni ngumu, ina chumvi, na haina la ajabu hata moja.

Mzee Hamisi alirudi saa sita na fimbo yake. Aliponiona alinyoosha mikono yote miwili, akafungua mdomo, na pakatoka pumzi tu. Alikiona chakula chake juu ya kinu, akakifunua, akakaa, akala kikiwa baridi huku ananitazama na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Nilichokosa Tabora hakuweza kunipa, nami nililijua hilo, naye alilijua. Maneno ninayo. Lakini baba yangu, akiwa na tarumbeta na gitaa na ngoma, ameimbwa mara ya mwisho, na mimi nilikuwa kwenye ngazi.

Tabora tena, chakula cha jioni

Nilirudi Ng'ambo saa kumi na moja. Kaka hakuwapo, alikuwa amechoka kuningoja mimi na gari, ametoka kwa bodaboda kwenda kuwatembelea watu. Shangazi alikuwa jikoni na kuku mwingine, zawadi ya jirani. Hakuniuliza nilikokwenda.

Nilikaa kwenye kigoda karibu naye, nikamwimbia kiitikio, taratibu, kwa sauti yangu ya kanisani. Sikumwambia ni nini. Nilipomaliza alikuwa ameacha kukoroga.

"Hayo ndiyo yaliyokuwa yakiimbwa jana?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Nilidhani ni mambo ya pombe." Aliuweka upawa pembeni. "Miaka yote hiyo nilidhani ni mambo ya pombe."

Giza lilipoanza kuingia mchuzi uliiva. Shangazi alitazama mlangoni, akanitazama, akachukua upawa. Alinipakulia, akajipakulia. Firigisi aliitia katika kile kibakuli cha bati, akasita, akachukua sahani akaifunika, akaiweka dirishani. Tulikula, sisi wawili, na tulipomaliza tukaosha vyombo.

Kaka Maganga alirudi akisugua mikono, akauliza kuna nini cha kula. Shangazi alimwonyesha dirisha kwa kidevu. Aliifunua sahani, akaigusa firigisi kwa ncha ya kidole.

"Mbona imepoa?" aliuliza.

Kesho yake nikapanda basi. Amenipigia simu mara tatu tangu nirudi, akitaka nimtumie maneno ya wimbo wa baba, kwa kuwa watu wanamwuliza na yeye anakumbuka kitu cha sahani tu. Nimeyafunika sahani, yapoe. Ataniuliza tena.